Nati ya Geti

…kwa sababu mtu mwenye tochi mdomoni hadaiwi jibu, hilo hata hakimu angelikubali, na yeye tochi anayo, ameing'ata kwa meno aliyobakiwa nayo, amelala chali tumboni mwa boti, utosi umegusa ukuta wa nyuma, magoti yamekunjwa chini ya kiti, mkono wa kulia umeshika spana na spana imeshika nati, au tuseme imeigusa tu, kwa heshima, na nje ya ukuta huo huo, uani, juani, mkwe wake, mke wa mwanawe, amepitisha kipande cha nondo ndani ya pete ya chuma ya kufungia kamba, wanayotaka kuibadilisha, na anangoja, "Baba, umeshika?", "Mm," mm isiyo na ndiyo wala hapana ndani yake, nondo inasukumwa, pete inalia kwii, na yeye analegeza kiganja, kidogo tu, spana inafuata, nati inazunguka pamoja na bolti yake, inazunguka bure, haifunguki ng'o, "Inazunguka yote, Baba, ibane!", "Mm," tena, na moyoni anasema samahani mwanangu, lakini ukishaifungua hii nati utainama hapo kwenye tundu, utanichungulia, utaniuliza, na mimi jibu sina, au ninalo na halifai kutoka… kazi hii ni ya watu wawili, haijawahi kuwa ya mmoja, wa nje anazungusha, wa ndani anazuia, hawaonani, wanasikilizana kwa kugonga na kwa maneno yanayopenya ukuta wa boti yakifika nusu, na mjanja yule, ndiyo maana alichagua hapa, si mezani, si jikoni mbele ya mama mkwe wake, alingoja mpaka amwone ameshaingia shimoni, mahali ambapo mzee hatoki bila kuvutwa miguu, ndipo akasema, "Baba, kuna jambo, usitoke, lisikilize hapo hapo ulipo," kana kwamba angeweza kutoka, halafu maneno yakaanza kupita ukutani yakiwa yamepungua, "…yule fundi wa friji…", nondo ikagonga, "…anataka kuja kujitambulisha…", mbwa wa jirani akabweka, "…na mimi namtaka, Baba, sikufichi, ila sijamjibu, na sitamjibu mpaka nisikie neno lako, ukisema hapana ni hapana, tutaendelea kuishi kama tunavyoishi," haya, hilo la mwisho lilipita zima, halikupungua hata herufi, na hapo ndipo yeye alipokumbuka kwamba tochi inafaa kung'atwa, maana mpaka wakati huo ilikuwa mkononi. Na anamjua, akisema hapana itakuwa hapana kweli, hatanuna, hatagonganisha masufuria, kesho asubuhi atamsalimia kama alivyomsalimia jana, na hilo ndilo linalomkaba, afadhali angekuwa mkwe wa kelele, wa kufunga virago na kupiga mlango, ungejua pa kumlaumu, lakini huyu amelichukua jambo lake lote, umri wake uliobaki, akaliweka kwenye kiganja cha mzee aliyelala chali na spana, akasema amua wewe, jamani, nani amewahi kuheshimiwa hivi, na nani amewahi kubanwa hivi, yote kwa pumzi moja…

na kutu inamdondokea usoni, unga mwekundu, anafumba macho, anafumbua, anashukuru kwamba bado yanafumbuka, anashukuru kwa mgongo huu unaolalamika tangu asubuhi lakini umekubali kukunjwa mahali ambapo hata paka angefikiria mara mbili, anaitazama nati, nyekundu kama tofali, imevimba, imeota maganda, asubuhi alipoiona mara ya kwanza alimtukana aliyeiweka, mpumbavu gani huyu, bolti ya chuma kisichoshika kutu halafu unaivalisha nati ya chuma cha kawaida, vitu viwili visivyoelewana, ukivikutanisha na maji kimoja kinamla mwenzake, kila fundi wa boti anajua, alitukana mpaka alipoifuta kwa kidole gumba akaona zile pande mbili zilizochubuliwa na koleo, akalimeza tusi lililobaki, kwa sababu anazijua, alizichubua mwenyewe, ni nati ya geti la nyumbani, geti ambalo bawaba yake ya chini mpaka leo imefungwa kwa waya na kila anayepita anauliza kwa nini, na mpumbavu ni mwanawe, marehemu, mwanawe wa pekee, nati ya asili ilimponyoka ikaenda chini ya ziwa wakati watu wanangoja kwenye gati na mbao zao za kutelezea majini, akatoka mbio kwenda nyumbani akarudi anahema, akaingia humu humu, alikuwa mwembamba, aliingia kama mkate kwenye tanuri, "Itashika kwa sasa, Baba, tutaibadilisha," akaikaza, akaguna, akaikaza tena, na "kwa sasa" yenyewe ikadumu kuliko yeye, msimu haujaisha akashikwa na homa, tukasema malaria, tukasema uchovu, hospitali wakasema jina refu, na watu wakaja na viti na maturubai uani… na nati ikabaki hapa gizani, imekazwa, mkono wa mwisho kuigusa ulikuwa wake, sasa hebu fikiria, unaambiwa ishike kwa nguvu ifunguke, unaishika vipi kwa nguvu, na bado anashukuru, ajabu ya Mungu, anaona shukrani inampanda kifuani humo humo mwenye kutu, kwamba chuma kimengoja, kwamba pete haikukatika na mtu akiwa mwisho wa kamba, pete ikikatika kamba inarudi na chuma chake, inapiga kichwa cha yeyote aliyekaa nyuma, na aliyekaa nyuma miaka ile ya mwanzo ni nani kama si huyu aliye nje na nondo… maana boti ya kuvuta watu haiendeshwi na mtu mmoja, dereva macho mbele, hageuki, akigeuka atapanda juu ya mtumbwi wa mtu, na nyuma yake, wamepeana migongo, anakaa mwangalizi, macho kwa yule anayeteleza, akisema ameanguka unakata mwendo, akisema yuko sawa unaongeza, yaani unaendesha kwa macho ya mtu mwingine, na macho yale yalikuwa ya mwanawe, walipomzika yeye alijua na boti imezikwa, akaifunika turubai, akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akawa mtu wa kukaa, mpaka asubuhi moja mkwe akatoka na nguo zake nyeusi, akavuta turubai, akavaa jaketi la kuelea la mumewe lililomfika magotini, akapanda, akakaa kwenye kile kiti kinachotazama nyuma, yeye ambaye alikuwa anaogopa hata beseni likijaa, hakusema jikaze, hakusema kazi ya Mungu haina makosa, hayo yalikuwa yameshasemwa na watu wenye midomo mikubwa, alisema tu, "Twende, Baba, nitakuangalizia nyuma," na akaangalia, siku ile, na siku iliyofuata, na macho ya mzee yalipoanza kuona mitumbwi miwili penye mmoja wakabadilishana viti bila mkutano, yeye usukani, mzee nyuma, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, sawa, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na mkwe kama huyu, angeongeza maneno, "Baba, umelala huko?", "Mm-mm," "Haya, nakwenda tena, moja, mbili…", kwii, na kiganja kinalegea, na nati inazunguka bure…

eti fundi wa friji, mwembamba kama antena, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia usivue, alikuja mara ya kwanza kwa sababu friji liliacha kugandisha, hilo ni kweli, maziwa yaliharibika, akalipachika kifaa, likanguruma vizuri, Jumamosi iliyofuata likafa tena, akaitwa, akalitazama, akasema halina kitu, likafufuka, Jumamosi nyingine likafa, na yeye akawa anamwambia mama watoto, mke wake, huyu kijana hajui kazi, tutafute mwingine, mama watoto akawa anajibu hapana, anajua sana, vuta subira, mpaka siku alipoingia jikoni ghafla kutafuta kisu akamkuta mama watoto mwenyewe, mtu mzima na heshima zake, amepiga magoti nyuma ya friji, anachomoa waya, Jumamosi saa za asubuhi, wakatazamana, "Unafanya nini?", "Nafagia," na fagio liko nje… kwa hiyo yeye alishajua, wanawake wa nyumba hii wameshajua wote, na friji nalo linajua, aliyebaki nyuma ni mwenye nyumba, kama kawaida, na hakukasirika, ukweli hakukasirika, alicheka peke yake barazani mpaka akakohoa, lakini kicheko kilipokwisha ikaja ile hofu, ikakaa kitako, haijainuka mpaka leo, kwamba wataondoka wawili, sio mmoja, atakwenda na mtoto, na mtoto ndiye mjukuu, ndiye anayemwita "mume wangu" mbele za watu na kumtishia talaka asipomaliza uji, ndiye anayemwambia babu fulana umeigeuza, ana paji la uso la baba yake, lile lile, lililochomoza mbele, ukimwosha uso ni kama unaosha wa yule mwingine alipokuwa mdogo, wakiondoka nyumba itabaki na watu wawili wazima wanaoulizana umekunywa dawa, na saa ya ukutani… kwa hiyo lipo neno, amelificha chini ya ulimi pamoja na tochi, limo tangu mkwe alipomaliza kusema, ni fupi, lina hata sura ya busara, "Nenda, lakini mtoto abaki," ndugu zake wote wangelipigia makofi, wangesema mzee amesema, damu yetu, paji letu, mama aolewe kwa heri na mtoto akue kwao, nani angemlaumu, hakuna, na mkwe mwenyewe angeinamisha kichwa, angesema nimekusikia, Baba, halafu asingeenda popote, hilo ndilo analolijua kuliko yote, mama yule hamwachi mtoto wake, angebaki, angemwambia fundi wa friji asante na kwa heri, angeendelea kuchemsha chai asubuhi, kwa hiyo si ruhusa hiyo, ni hapana iliyovalishwa suti, na ingefanya kazi vizuri sana, angeketi naye mezani miaka yote iliyobaki, akila chakula chake, akijua, Mungu wangu, akijua alichokifanya kila akiomba chumvi, "Baba, nikuletee mafuta ya taa tuilowanishe tena?", na sauti yake haina hata chembe ya haraka, anaongea kama mtu anayeuliza kuhusu mafuta ya taa peke yake, alivyo na moyo yule, mkono wake lazima umeshavimba kwa nondo…

na ikamjia, haikuomba ruhusa, ile jioni, mwanawe bado hai, bado ana pumzi za kutosha kumtania kila mtu, wateja wameshaondoka, ziwa limelala kama shuka, na mwanawe akamwambia mkewe leo na wewe utasimama, mke akasema labda nisimame kwenye kaburi langu, wakacheka, wakamvalisha, wakamtumbukiza, na akaanguka, akaanguka tena, na kosa lake lilikuwa lile la wote, kila anayejifunza hulifanya, anaanguka lakini kamba haiachii, anaing'ang'ania kama ndiyo uhai wake, na boti inamburuza uso chini, anakunywa ziwa, na yeye kwenye usukani, macho mbele, anapiga kelele ile aliyoipiga kazi yake yote mpaka klabu nzima ya boti ikamwita kwayo, mzee Achia, shikamoo Achia, Achia leo hujambo, "Achia kamba! Ukianguka achia kamba, mama, maji hayakuli, kamba ndiyo inakuua!", na alipojifunza kuiachia, ndipo, mara iliyofuata, aliweza kusimama, ajabu lakini ndivyo ilivyo kwa wote, na nyuma yake mwanawe akalipuka, "Amesimama! Baba, amesimama! Usigeuke, Baba, we tazama mbele, lakini amesimama!", na yeye, dereva wa miaka yote ile, ambaye hakuwahi kugeuka hata alipopiga chafya mkuu wa wilaya, akageuka, akamwona, miguu inatetemeka, mdomo wazi, jua liko begani kwake, amesimama juu ya maji aliyokuwa anayaogopa, na mwanawe amesimama kwenye kiti anapiga makofi juu ya kichwa, vyote viwili aliviona kwa mtazamo mmoja, mume na mke na furaha yao, alipewa kuona, wangapi wamezaa na hawakupewa… na sasa mzee Achia huyo huyo, jina kubwa, amelala chali gizani, kamba ya mtoto wa watu ameing'ang'ania kwa meno yote pamoja na tochi, na nati, kitu pekee duniani alichoombwa akishike leo, hicho ndicho anachokiachia, umeshika pa kuachia na umeachia pa kushika, mzee, hongera, na kicheko kikamtoka puani, tochi ikaponyoka, ikamgonga kidevuni, ikabingirika huko kwenye mbavu za boti ikamulika kitu kisichohusika, giza, akaitafuta nati kwa vidole, mwanangu, akasema kimoyomoyo, na hapo hakuwa akisema na mkwe, mwanangu, uliikaza vizuri, imeshika kuliko ulivyotuahidi, asante, sasa niachie mimi, akaivalisha spana sawasawa, akaegemeza mpini kwenye goti, akabana kwa mikono miwili, akabana na pumzi, "Nimeshika," akasema, neno zima, la mtu asiye na kitu mdomoni, nje nondo ikasukumwa, pete ikalia, spana ikamchoma kiganja, na nati haikusogea hata unywele, sasa imekataa kweli, ukaidi wa baba na mtoto wake, "Hapo sasa!" mkwe akasema nje, "hapo umeishika, Baba, pumzika kidogo, tutaipata," na yeye hakupumzika, alisema, bila kulegeza, akiuambia ukuta, "Nilikusikia, mama. Tangu mwanzo nilikusikia, tochi nilijificha nayo tu. Mwambie aje. Aje Jumapili, asije Jumamosi tukadhani friji limekufa," akameza mate yenye kutu, na lile neno fupi likajaribu kupanda kwa mara ya mwisho, akaliacha liende zake chini ya ziwa, "na mtoto aende na mama yake, ndivyo inavyotakiwa, sisi wazee tutakuja kuwatembelea, mkituchoka mtatuambia," nondo haikugonga, mbwa hakubweka, akasikia tu kitu kama paji la uso kikiegemezwa kwenye ukuta upande wa nje, karibu kabisa na utosi wake, unene wa ukuta wa faiba tu kati yao, na pumzi za mtu anayejaribu kulia bila kusikika, hawezi, boti inapeleka kila kitu, na akajua kwamba amesema yote na kuna moja hajalisema, hajawahi kulisema, analisema kimoyomoyo kila chai inapotua mezani, alilisema siku ya turubai, alilisema walipobadilishana viti, leo tu tangu aingie humu amelisema mpaka limejaa, na la kimoyomoyo halipiti ukutani, aliye nje hajawahi kulisikia hata mara moja, akasafisha koo, "Asante," akasema, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, ndogo, "Umesemaje, Baba?" mkwe akauliza, anavuta kamasi, "sijalipata, limebaki huko ndani," basi akajaza kifua hewa yote iliyokuwamo tumboni mwa boti, mikono bado imebana, nati bado imegoma, akalipiga kwa ile sauti ya kumfikia mtu aliye mbali majini, mpaka mama watoto akasikika jikoni akiuliza kuna nini huko, "Asante, mwanangu! Nimesema asante!"